Hepatite C: mgonjwa atibiwe kwanza

Kwetu ku mine, kama jiwe limeangukia mwenzetu, hatumuulize kwanza kama alivaa kofia. Tunamutoa, tunamupeleka kwa munganga. Maneno ya kofia yatakuja kisha.

Lakini kuna wagonjwa wanaoulizwa kwanza. Kijana wa jirani yangu ni dereva wa kamio za shaba, kutoka Kolwezi mpaka Dar es Salaam. Huko bandarini alianza kujipiga heroini, sindano moja watu watatu. Damu yake ilipopimwa, waliona hepatite C. Hospitali moja ikamwambia: “Acha madawa kwanza, ndipo urudi.” Hakurudi.

Jibu lile si la haki, tena si la kiganga. Hepatite C inapita katika damu, inakula ini polepole kwa miaka, mara nyingi bila maumivu. Chanjo haiko. Dawa iko: vidonge vya sofosbuviri na daklatasviri, mara moja kwa siku, kwa kawaida juma 12, na zaidi ya wagonjwa 90 kwa 100 wanapona. Tangu 2018, OMS inasema watu wazima wenye ugonjwa huu watibiwe, hata wanaojipiga sindano. Mwaka 2022 ikaongeza: wapimwe na watibiwe mahali pamoja, na munganga wa kawaida ao muuguzi anaweza kuwafuata.

Bei? Sofosbuviri ilipotoka Marekani mwaka 2013, juma 12 zilikuwa dola 84.000. Leo nchi zinazonunua generiki zinaweza kupata matibabu yote chini ya dola 100. Basi kizuizi si bei tu, ni mlango pia.

Dar es Salaam yenyewe inaonyesha mlango. Tangu 2011, ku hospitali ya Muhimbili watu walioshikwa na heroini wanakunywa metadoni kila siku mbele ya mfanyakazi wa afya. Mutu anayekuja kila siku, ni rahisi kumupa na kidonge cha ini pale pale. Yule ambaye hajaacha, naye apewe dawa, pamoja na sindano mpya, maana aliyepona anaweza kuambukizwa tena.

Hilo njo tunaloomba wakubwa wa afya hapa kwetu. Kijana yule nimemutafutia munganga mwingine. Juma ijayo tutaenda wote wawili, nitakaa naye ku foleni.