Simu iwe kijivu usiku, lakini jani liangaliwe na rangi yake

Ba mama na ba papa wanachama, safari hii naanza na kosa langu mwenyewe. Msimu uliopita, mwezi wa Januari, mama mmoja wa upande wa Kambove alinitumia picha ya mahindi yake kwa WhatsApp. Ilikuwa karibu saa nne ya usiku, mimi niko kitandani hapa Likasi, macho yamechoka. Niliona majani ya chini yamegeuka manjano. Nikamwandikia: "Mama, udongo unakosa azoti, weka urea." Akakopa pesa, akanunua nusu ya mfuko. Siku nne nyuma nikafika shambani: mahindi yalikuwa kijani kabisa! Manjano ilikuwa kwenye simu yangu.

Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Injenia, sasa ile deni nitalipa na nini?" Tuliigawana.

Ilitokea hivi. Simu nyingi ziko na kitu kinachoitwa "Éclairage nocturne". Jua likizama, kioo kinapunguza bluu na kuwa na rangi ya chungwa. Picha yenyewe haiguswi, ni kioo tu kinachoionyesha vibaya. Niliwasha kile kitu juu ya macho kuuma, nikasahau kama kiko.

Na kwa macho, wengi tunadanganyika. Ile bluu ya simu siyo njo inaharibu macho. Chuo cha Madaktari wa Macho cha Marekani kimelisema wazi. Mtu akikaa hivi anapepesa macho karibu mara 15 kwa dakika. Akikazia kioo, zinapungua kufika nusu au chini ya hapo, macho yanakauka, yanawasha. Dawa haina bei: kila dakika 20 inua kichwa, angalia kitu kilicho mbali mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Tena punguza mwanga wa kioo wakati nyumba iko giza. Hiyo inasaidia na batiri, na sisi tunajua umeme unavyokatika.

Kuna rangi nyingine ya kubadilisha, na hiyo mimi naipenda: kuondoa rangi zote, simu ibaki kijivu kama picha za zamani. Zile alama nyekundu za ujumbe zimewekwa pale ili zikuvute. Zikiwa kijivu, hazikuiti tena kwa nguvu. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Marekani, Holte na Ferraro, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi: waliogeuza simu kijivu walipunguza karibu dakika 38 kwa siku. Kwetu hizo ni mega zinazobaki na usingizi unaoongezeka, juu wakati wa palizi saa kumi na moja ya asubuhi mtu anatakiwa awe amekwisha kuamka. Lakini msitegemee kijivu ilinde batiri. Kwa simu nyingi za bei ya chini haibadilishi kitu.

Kwa Android fungua "Paramètres", kisha "Accessibilité", kisha "Correction des couleurs", chagua "Niveaux de gris". Majina yanaweza kuachana kidogo, kila kampuni na mambo yake. Ukikosa, tafuta ndani ya "Bien-être numérique", sehemu ya wakati wa kulala: pale unaweza kuipangia saa, kwa mfano kuanzia saa mbili ya usiku mpaka asubuhi. Mimi nafanya hivyo. Mtoto wa nyumba akisema simu imeharibika, usishangae.

Sasa turudi shambani. Kuna vitu vinaonekana vizuri hata kwa kijivu: matundu ya viwavijeshi kwenye majani, na ile alama ya Y iliyogeuzwa kwenye kichwa cha kiwavi. Lakini njaa ya mahindi inasema kwa rangi. Azoti ikikosa, manjano inaanza kwenye ncha ya jani la chini na kuingia katikati, kama herufi V. Potasi ikikosa, ni pembeni ya jani ndipo panageuka manjano, kisha panaungua. Fosfori ikikosa, mahindi madogo yanakuwa zambarau, na kwenye udongo wetu wenye asidi hiyo inatokea mingi. Kwa kijivu, yote matatu ni vivuli tu. Kwa rangi ya chungwa ni vibaya zaidi, juu unaona rangi na unaiamini.

Kwa hiyo mkitaka kunitumia picha, pigeni mchana, bila taa ya simu, na jua lisiwe linazama. Chukueni jani moja la chini na moja la juu, na kando yake wekeni karatasi nyeupe, hata ya daftari ya mtoto. Karatasi ikionekana manjano kwangu, nitajua shida ni mwanga au ni kioo changu. Andikeni pia mahindi yana wiki ngapi na mbolea gani imekwisha kuingia. Picha za usiku nitazipokea, lakini nitajibu asubuhi, rangi ikiwa imerudi. Na kabla sijajibu, hakuna mtu akope pesa ya urea.