Unga wa ugali wako ulipitia kiwanda cha gesi

JE, msomaji, umewahi kuingia katika banda la kuku ambalo halijafagiliwa kwa juma zima? Ile harufu kali inayokuchoma pua na kukutoa machozi ni gesi iitwayo amonia. Huenda ukashangaa kusikia kwamba gesi hiyo hiyo, ikitengenezwa kiwandani, ndiyo inayonawirisha mengi ya mahindi unayokula.

Hakuna mmea unaoweza kukua bila naitrojeni. Nayo naitrojeni imejaa tele: kati ya kila sehemu 100 za hewa unayovuta, sehemu 78 ni gesi hiyo. Mbona basi mahindi hugeuka manjano shambani kwa kuikosa? Sababu ni kwamba chembe za naitrojeni hewani hutembea mbili mbili, zimeshikana kana kwamba kila moja ina mikono mitatu, na mahindi hayana nguvu ya kuzitenganisha. Maharagwe na kunde hufaulu kwa msaada wa bakteria wanaoishi katika vifundo vya mizizi yao. Mama zetu waliopanda mahindi na maharagwe katika shamba moja walijua walichokuwa wakifanya.

Kufikia mwisho wa karne ya 19, Ulaya ilitegemea chumvi ya naitreti iliyochimbwa katika jangwa la Chile. Mwaka wa 1898 mwanasayansi Mwingereza William Crookes aliwaonya wenzake kwamba akiba hiyo ingeisha na watu wangekosa mkate, wasipopata njia ya kuinasa naitrojeni ya hewani.

Njia ilipatikana Ujerumani. Mwaka wa 1909, mjini Karlsruhe, Fritz Haber alikutanisha naitrojeni na haidrojeni katika joto jingi na shinikizo kubwa, akaona amonia ikidondoka tone baada ya tone. Kampuni ya BASF ikampa Carl Bosch kazi ya kugeuza kifaa hicho cha mezani kuwa kiwanda.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Shinikizo lililohitajika lilikuwa mara 200 hivi ya lile la hewa ya kawaida, na joto lilikaribia nyuzi 500 za sentigredi. Mitungi ya kwanza ya majaribio ilipasuka baada ya saa 80 hivi. Bosch alipochunguza vipande, aligundua kwamba haidrojeni ilikuwa ikipenya ndani ya chuma na kuila kaboni inayokipa ugumu wake. Dawa aliyoipata ilikuwa rahisi ajabu. Ndani aliweka bomba la chuma laini lisilo na kaboni, nje akalivika koti la chuma kigumu, kisha koti hilo akalitoboa vitundu vidogo ili haidrojeni iliyopenya itoroke bila kuleta madhara. Watu humsifu Haber zaidi, lakini kwa maoni yangu vitundu hivyo ndivyo vilivyolisha dunia. Kiwanda kilianza kazi huko Oppau mwaka wa 1913, na leo wataalamu hukadiria kwamba karibu nusu ya binadamu wote hulishwa kwa mbolea inayotokana na amonia.

Usidhani ni baraka tupu. Amonia hiyo hiyo iliipa Ujerumani baruti katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ni Haber huyo huyo aliyesimamia shambulizi la gesi ya klorini huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Tarehe 21 Septemba 1921 ghala la mbolea la Oppau lililipuka, likaua zaidi ya watu 500. Wafanyakazi walikuwa wakitumia baruti kulegeza rundo la mbolea iliyogandamana!

Sasa tuje mfukoni mwako. Naitrojeni ya hewani haina mwenyewe, lakini haidrojeni hugharimu pesa, kwani viwanda vingi huipata kwa kuchanganya gesi asilia na mvuke wa moto. Gesi asilia ikipanda bei, mbolea hupanda, na unga hufuata. Wakenya waliyaona hayo mwaka wa 2022, vita vya Ukraine vilipozuka: mfuko wa kilo 50 wa DAP ulipita Sh6,000, hadi serikali ilipoleta ya ruzuku kwa Sh3,500 mwezi wa Septemba.

Kazi hiyo ya kutoa haidrojeni huacha kabonidayoksaidi, gesi inayotoa mapovu kwenye soda. Sehemu yake huunganishwa na amonia kupata urea, na nyingine huuziwa watengenezaji wa vinywaji. Septemba 2021 viwanda viwili vya mbolea nchini Uingereza vilisimama kwa sababu ya bei ya gesi, na mara wenye soda na wenye vichinjio wakaanza kulia. Hapa kwetu, kampuni ya Carbacid huivuta kabonidayoksaidi kutoka ardhini huko Kereita, Kiambu.

Ukipita kwenye duka la pembejeo, hebu soma maandishi ya mfuko. DAP huandikwa 18-46-0, na urea 46-0-0. Nambari ya kwanza ni naitrojeni, kilo katika kila kilo 100. Ya pili huonyesha fosforasi, inayosaidia mizizi. Ndiyo maana DAP huwekwa wakati wa kupanda, nayo urea husubiri mahindi yafike magotini. Nanyi wanafunzi, ikiwa mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, wa DAP una ngapi?