Eifel, barabara za lami zisizopita gari: utulivu ule ulitoka wapi?

Wengi wetu hapa Pwani tuna ndugu, rafiki au jirani aliyehamia Ujerumani, na picha anazotuma huwa ni zile zile: treni, theluji, maduka ya Krismasi. Lakini wako wanaotuma picha za aina nyingine. Barabara nyembamba ya lami inapanda kilima katikati ya msitu, safi kama uwanja uliofagiwa alfajiri, na hakuna gari hata moja. Mtu wa Mombasa aliyezoea kubanwa ukingoni na matatu upande mmja na tuktuk upande wa pili hujiuliza, je, magari ya nchi hiyo yamekwenda wapi?

Hayakwenda popote. Ujerumani ina magari madogo yapatayo milioni 49, na barabara zake kuu hazina usingizi. Utulivu ule una sababu zake, na sehemu nzuri ya kuzielewa ni Eifel.

Eifel ni nchi ya vilima magharibi mwa Ujerumani, katikati ya miji ya Aachen, Köln, Koblenz na Trier, ikipakana na Ubelgiji na Luxembourg. Kilele chake cha juu, Hohe Acht, kina mita 747 tu. Kwa aliyewahi kuiona Kilimanjaro kutoka Taveta, hicho ni kichuguu. Taabu yake ni kwamba vilima haviishi: unashuka hadi mtoni, unavuka daraja, unapanda tena, na mchezo ni huo siku nzima. Sehemu kubwa ya mashariki yake ilifinyangwa na volkano, ndiyo maana ina maziwa ya mviringo kama bakuli, ambayo wenyewe huyaita Maar. Lile la Ulmen, changa kuliko yote, lilitokea miaka kama 11,000 iliyopita.

Tuanze na zile njia za mashambani, kwa sababu ndizo nyingi zaidi na ndizo mgeni asizozielewa. Zamani mashamba ya wakulima wa huko yalikuwa yamekatwa vipande vidogo vidogo, mtu mmoja akiwa na kipande huku na kingine kule, kwa sababu ya mirathi iliyogawanywa kizazi baada ya kizazi. (Hadithi hiyo haituhitaji mkalimani.) Mwaka 1953 Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria ya kuyapanga upya mashamba hayo: vipande vikaunganishwa, mipaka ikachorwa upya, na kila shamba likapatiwa njia ya kulifikia. Kwa kuwa trekta ni nzito na mvua ya Eifel haina huruma, njia nyingi zikatiwa lami au zege, upana wa mita tatu hivi, kiasi cha trekta moja kupita.

Basi mkulima anaitumia njia hiyo asubuhi na jioni, na saa zilizobaki ni ya ndege na mwendesha baiskeli. Mwenye gari la kawaida haruhusiwi kupita. Lakini lazima uvisome vibao. Kibao cha duara jeupe lenye ukingo mwekundu na picha za gari na pikipiki ndani yake kinazuia vyombo vya injini tu, baiskeli inapita. Duara hilo hilo likiwa tupu, bila picha yoyote, linazuia vyombo vyote, na hapo baiskeli unaikokota kwa mguu, isipokuwa chini yake pawe na kibao kidogo kinachowaruhusu waendesha baiskeli. Ukikutana na trekta, wewe ndiye mgeni. Sogea kando, simama kwenye nyasi, msalimie mwenye kazi yake apite.

Aina ya pili ni reli zilizokufa. Maarufu zaidi ni Vennbahn, inayoanzia Aachen hadi Troisvierges huko Luxembourg, kilomita zipatazo 125. Prussia iliijenga miaka ya 1880 kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles uliipa Ubelgiji wilaya za Eupen na Malmedy, na reli yenyewe ikawa ya Ubelgiji, mataruma na stesheni pamoja, hata pale inapopita katikati ya Ujerumani. Matokeo yake ni kituko ambacho kipo hadi leo: utepe mwembamba wa ardhi ya Ubelgiji, wenye upana wa njia ya reli tu, unavikata vipande vitano vya Ujerumani kutoka nchi yao. Mwendesha baiskeli akipita hapo yuko Ubelgiji, na mzee anayemwagilia maua upande wa kulia na wa kushoto yuko Ujerumani.

Treni za mwisho za watalii zilisimama mwaka 2001. Reli ilipong'olewa, watu waliuliza kama ardhi sasa irudi kwa Mjerumani. Haikurudi. Pakatandazwa lami na njia nzima ikakamilika mwaka 2013. Faida yake kwa mguu wa binadamu ni kubwa, kwani treni ya makaa haiwezi kupanda mlima mkali. Wahandisi wa zamani walilazimika kuizungusha njia ili mwinuko uwe mdogo, asilimia mbili hivi, na leo mama mwenye mtoto nyuma ya baiskeli anavuka milima ile bila kuhema sana. Hivyo hivyo ndivyo ilivyo njia nyingine ya kilomita 58 kutoka Daun hadi Bernkastel-Kues kwenye mto Mosel, inayopita kwenye mahandaki na madaraja marefu ya treni ya zamani.

Wapenda baiskeli hawapendi kulitaja hili, lakini kila njia kama hiyo ina vijiji vilivyopoteza treni. Bibi wa kijijini asiye na gari, aliyekuwa akipanda treni kwenda hospitali, hakufidiwa kwa kutandaziwa lami ya baiskeli. Mimi naona ni vizuri ardhi ilibaki mikononi mwa umma badala ya kuuzwa plotiploti, kwa sababu ikishauzwa hivyo hairudi tena. Hata hivyo nisingependa mtu aseme kuwa njia ya baiskeli ni sawa na treni.

Na sasa mahali penye utulivu kuliko pote, ambapo bei yake ilikuwa kubwa kuliko pote. Kutoka mji mdogo wa Gemünd njia ya lami inafuata ukingo wa bwawa la Urft, lililojengwa kati ya 1900 na 1905, msitu ukiteremka hadi majini. Juu ya bwawa, mlimani, yamesimama majengo makubwa ya mawe ya Vogelsang. Wanazi walianza kuyajenga mwaka 1934 ili wawafundishe humo vijana watakaokuwa viongozi wa chama chao. Vita vilipokwisha Waingereza waliyachukua na kuyafanya kambi ya mazoezi ya kijeshi.

Karibu na hapo palikuwa na kijiji cha wakulima, Wollseifen, chenye watu zaidi ya 500. Agosti 1946 waliambiwa wawe wameondoka ifikapo tarehe 1 Septemba. Walidhani watarudi. Mwaka 1950 Waingereza wakawaachia Wabelgiji kambi, na mizinga ikaendelea kulia hadi mwisho wa 2005. Kijiji hakikurudi tena. Leo unaweza kufika hapo, ukaona kanisa, shule, na vibanda vya kuta tupu visivyo na madirisha vilivyojengwa baadaye ili askari wajifunze kupigana nyumba kwa nyumba.

Katika miaka hiyo yote, kwa kuwa raia hawakuruhusiwa kujenga wala kupitisha barabara kuu, mimea na wanyama walistawi. Hifadhi ya Taifa ya Eifel ilianzishwa mwaka 2004, kilomita za mraba kama 110, na eneo la kambi likafunguliwa kwa wananchi mwanzoni mwa 2006. Kulungu wako, na paka-mwitu pia. Sheria ya hapo ni kali: usitoke nje ya njia zilizowekwa alama. Pale kwenye uwanja wa mazoezi sababu si wanyama peke yao, bali pia risasi na makombora ya zamani yaliyobaki ardhini.

Si kila kitu Eifel ni kimya. Uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring, uliofunguliwa 1927, uko huko huko, na barabara za kona kona zinawavutia waendesha pikipiki kutoka miji yote ya jirani, hasa Jumapili yenye jua. Kwenye barabara hizo sheria inamtaka dereva anayeipita baiskeli nje ya mji aache nafasi ya mita mbili, na ndani ya mji mita moja na nusu. Wapo wanaofuata na wapo wasiofuata. Pia mabonde haya yana kumbukumbu mbaya: mafuriko ya Julai 2021 yaliua watu zaidi ya 180 nchini humo, wengi wao kwenye bonde la mto Ahr, na yakang'oa reli, madaraja na njia za baiskeli zilizokuwa kando ya mito.

Kwa walioko Köln, Bonn au Aachen wanaotaka kujaribu: treni ya Kall au Gerolstein inabeba baiskeli, ingawa mara nyingi baiskeli hulipiwa tiketi yake. Mwezi Mei hadi Septemba ndio wakati wake. Asiye na mapafu ya kupanda akodi baiskeli ya betri, ambayo kisheria husaidia hadi mwendo wa kilomita 25 kwa saa na haihitaji leseni. Angalia breki kabla ya kushuka, beba koti la mvua hata kama mbingu ni samawati, na chukua chakula, maana vijiji vingi havina duka, na Jumapili hata yaliyopo yamefungwa.