Umebadilisha jina la programu kwa kompyuta na sasa imekataa kufunguka? Fanya hivi

Maze, hii ishu hupata watu wengi kuliko wale wanakubali. Wacha tuseme uko saiba pale Mogogosiek, Bomet, na ni tarehe 30 Juni. Laini ya watu wa ritani za KRA imefika mlangoni, na faini ya kuchelewa inaanzia Sh2,000. Hiyo ni pesa ya kilo ngapi za majani chai? Sasa jana kijana fulani alijifanya fundi, akabadilisha Chrome ikaitwa "KRA HAPA". Leo ukibofya, wapi.

Kwanza uliza: alibadilisha jina la nini? Kile kipicha kwa skrini mara nyingi si programu yenyewe. Ni kama kibao cha barabarani, na kina kamshale kwa kona. Hicho kiite jina lolote, hata la shemeji yako, bado kitafunguka.

Noma huanza mtu akiingia kwa folda ya Program Files akagusa chrome.exe yenyewe. Windows itajaribu kuitafuta, ikishindwa inakwambia imehamishwa ama imebadilishwa. Kama ni saa hii tu umefanya hivyo, bonyeza Ctrl na Z, jina la zamani linarudi. Kama ni ya jana, bofya kipicha kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", usome mstari wa "Target". Jina la zamani liko hapo. Lirudishe vile lilikuwa, hadi nukta, juu .exe ikitoka Windows haijui tena kama hiyo ni programu.

Kukopi nako ni balaa. Mtu anabeba chrome.exe peke yake kwa flashi, anapeleka kompyuta ingine. Buda, hiyo ni kubeba kichwa cha ng'ombe ukitarajia maziwa. Faili za .dll zenye inategemea zimebaki kule kwa folda. Na usiende kutafuta .dll kwa saiti za ajabu, utaokota virusi. Futa hiyo kopi, pakua Chrome mpya kutoka kwa Google wenyewe.

Lakini folda za flashi zote zikigeuka vipicha vya mshale, usibofye hata moja. Hiyo ni virusi, pitisha antivairasi kwanza.

Na kama wazee kwa laini wameanza kuguna, fungua Edge. Huja na Windows, na iTax inaingia hapo pia. Chrome utarekebisha jioni.