Spika na amplifaya ya gari: usidanganywe na wati za kwenye boksi

Boksi dukani limeandikwa wati 1,000 kwa herufi kubwa, na bei yake inavutia. Mwenye gari analipa, anafungiwa amplifaya, anaondoka na muziki unaotikisa vioo. Wiki mbili baadaye spika moja inakoroma kana kwamba ina mchanga ndani, amplifaya inajizima muziki ukikolea, na asubuhi gari haliwaki. Mara nyingi vifaa hivyo si vibovu. Havikuoana tu.

Kabla ya kutoa fedha zako, angalia mambo matatu: omu, wati za kweli na fyuzi.

Anza na omu

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme kupita. Ifikirie kama bomba la maji: bomba jembamba hupitisha maji kidogo, bomba pana hupitisha mengi. Spika yenye omu chache ni kama bomba pana, huvuta umeme mwingi kutoka kwenye amplifaya. Spika nyingi za magari ni za omu 4. Za nyumbani mara nyingi ni za omu 6 au 8. Namba hiyo huandikwa nyuma ya spika, kwenye sumaku.

Amplifaya nayo ina kiwango cha chini inachovumilia. Ikiwa imeandikwa omu 4, usiipe mzigo wa omu 2. Itapata joto kali, itajizima, na mwisho itaungua.

Tatizo huanza pale spika mbili zinapounganishwa kwenye njia moja ya amplifaya. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mzigo unakuwa omu 2. Zikiungwa kwa mfuatano, hasi ya kwanza ikiingia kwenye chanya ya pili, mzigo unakuwa omu 8. Spika ni zilezile, ila matokeo yanatofautiana sana. Kwa hiyo kabla fundi hajafunga, muulize: "Ukishaunga hivi, amplifaya itabeba omu ngapi?"

Wati za kweli

Wati 1,000 za kwenye boksi kwa kawaida ni nguvu ya kufumba na kufumbua, tena wakati mwingine ni namba ya kuvutia wateja tu. Tafuta herufi RMS. Hizo ndizo wati ambazo kifaa kinaweza kuzibeba mfululizo bila kuumia.

Ukikosa herufi hizo, tazama fyuzi ya amplifaya. Gari dogo likiwa linanguruma lina umeme wa karibu volti 14. Fyuzi ikiwa ya ampea 20, zidisha 14 kwa 20, utapata wati 280. Huo ndio umeme unaoingia, na sehemu yake hupotea kama joto. Kitu kinachoingiza wati 280 hakiwezi kutoa 1,000 mfululizo.

Kisha linganisha. Kama spika ni ya wati 50 za RMS, tafuta amplifaya inayotoa karibu wati 50 za RMS kwa kila njia, kwa omu zilezile za spika yako.

Wengi hudhani amplifaya ndogo haiwezi kuharibu spika kubwa. Inaweza. Ikisukumwa hadi mwisho, sauti inakwaruza, na mkwaruzo huo huunguza spika, hasa zile ndogo za sauti nyembamba. Ukisikia sauti imeanza kukwaruza, punguza papo hapo.

Fyuzi ni ulinzi dhidi ya moto

Waya mkuu wa amplifaya utoke moja kwa moja kwenye betri, usiungwe kwenye nyaya nyembamba za redio. Uwe mnene wa kutosha, na fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Waya ukichubuka na kugusa bodi ya gari, fyuzi hukatika kabla waya haujawaka moto. Fyuzi ikikatika, usiweke msumari, kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Tafuta kwanza kilichoikata. Waya wa hasi nao uwe mnene vilevile, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Wenye malori wawe waangalifu zaidi. Malori mengi yana umeme wa volti 24, na amplifaya ya volti 12 ikifungwa humo bila kifaa cha kupunguza umeme itaungua.

Kumbuka pia betri. Betri ya ampea 45 kwa saa, ikibeba mzigo wa ampea 15 gari likiwa limezimwa, kwa hesabu humalizika kwa saa 3. Nguvu ya kuwasha injini huisha kabla ya hapo. Kwenye sherehe, washa injini kila baada ya muda, gari likiwa mahali pa wazi.

Kabla ya safari ya dukani, fungua spika moja, ipige picha nyuma kwa simu yako, pamoja na maandishi ya redio. Muuzaji akikusifia wati zake, mwonyeshe picha hiyo, kisha mwombe akuonyeshe RMS, omu na fyuzi.