Sikilidi katika Tangi Moja: Nani Akae na Nani?

Sato, ngege na perege hujulikana katika masoko mengi ya samaki ya Afrika Mashariki. Wasiojulikana sana ni ndugu zao wadogo, mamia ya spishi zenye rangi za kupendeza zinazoishi katika maziwa ya Tanganyika, Nyasa na Viktoria. Wote ni wa familia moja, nayo huitwa sikilidi. Kwa kuwa samaki hao hugombea makao, huchumbiana na kulea watoto wao mbele ya macho ya mtazamaji, tangi lao la kioo ni darasa zuri la biolojia. Lakini shule inayowakusanya ovyo, kwa kufuata uzuri wa rangi tu, yaweza baada ya majuma machache kubaki na dume mmoja mnene, na wengine wakijibanza pembeni hali mapezi yao yamechanika.

Kwanza yatazamwe maji. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alikali, na pH yake hukaribia 9. Joto lake karibu na uso wa ziwa ni kama 24 hadi 27 °C. Maji ya mvua, ambayo hayana chumvichumvi za kutosha, hayawafai samaki wa huko. Tena alikali hiyo ina hatari yake. Mwili wa samaki hutoa amonia, na chakula kinachooza huiongeza. Penye joto la 25 °C na pH 7, chini ya sehemu 1 katika 100 ya amonia yote huwa katika umbo lenye sumu kali. Penye pH 9, sehemu hiyo huzidi theluthi moja. Kwa hiyo msongamano ambao samaki wa mtoni wangeuvumilia waweza kuwaua sikilidi wa Tanganyika kwa usiku mmoja. Hapana budi tangi litayarishwe majuma kadhaa kabla, ili bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitrati wapate kustawi.

Ukali wa sikilidi hutokana hasa na kugombea mahali pa kuishi na kuzaa. Wawili wanaotaka pango moja watapigana. Wasiotaka kitu kimoja huweza kupitana bila ugomvi. Tuchukue tangi la urefu wa sentimeta 120, upana 50 na kimo 50. Hilo huchukua lita 300, yaani kilo 300 za maji matupu, hivyo meza dhaifu ya maabara haitalihimili. Upande mmoja yapangwe mawe, nayo yaegemezwe juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga kutiwa, maana samaki wachimbao watayaangusha. Humo mianyani hukaa jozi moja ya Julidochromis ornatus. Upande wa pili, juu ya mchanga, yatawanywe makombe matupu ya konokono kwa ajili ya Neolamprologus multifasciatus, samaki asiyezidi sentimeta 5, ambaye hulala, hutaga na kulea ndani ya kombe. Juu, penye maji matupu, huogelea kundi la Cyprichromis leptosoma, ambao jike wao huatamia mayai kinywani. Hao hurukaruka, basi tangi lifunikwe.

Mtu akiongeza hapo jozi ya Neolamprologus brichardi, ambao kwa sura ni wapole na wazuri mno, amani itavunjika. Watoto wao wa uzao wa kwanza hawaondoki. Hubaki kuwalinda wadogo zao, na ukoo huo huendelea kupanuka mpaka wengine wakose pa kukaa. Mtafiti wa tabia za wanyama atawapenda kuliko wote, ila wawe na tangi lao peke yao.

Chakula nacho hutenganisha. Tropheus ana utumbo mrefu wa kumeng'enya mwani, na akilishwa vyakula vya nyama tumbo lake huweza kuvimba hata akafa. Si mwenzi wa wala wadudu. Perissodus microlepis, ambaye huishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine, hana jirani anayemfaa.

Kosa lililo zito zaidi, hata hivyo, halileti vita wala kifo, na kwa sababu hiyo huchelewa kugunduliwa. Ni kuwaweka pamoja ndugu wa karibu mno. Katika Ghuba ya Mwanza huishi furu wawili: Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa buluu, na Pundamilia nyererei, ambaye dume wake ana rangi nyekundu. Huyu wa pili alielezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Majike yao hufanana sana. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1998, majike walichagua madume wa spishi yao chini ya mwanga wa kawaida; mwanga ulipobadilishwa ili rangi zisitofautike, uteuzi huo ulipotea. Chotara wao huzaa. Ziwani kwenyewe, maji yaliyotibuka yameleta mchanganyiko wa namna hiyo, wakati ambapo sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960 na kuongezeka mno miaka ya 1980, alikuwa amekwisha kuangamiza furu wengi.

Baadhi ya furu leo wamebaki katika matangi tu, mbali na ziwa lao. Tangi la namna hiyo likichanganywa, hakuna mahali pa kwenda kuvua mbegu nyingine. Ndiyo maana wafugaji makini hawagawi vifaranga ambao wazazi wao hawajulikani. Huandika juu ya kila tangi jina la spishi na la mahali ukoo wake ulikovuliwa, na nyererei wa kisiwa kimoja hawamchanganyi na wa kisiwa kingine, hata pale jicho la binadamu lisipoona tofauti.