Chai ya Milimani Isiyotaka Sukari

Kwetu mwambao, chai haijaitwa chai mpaka itiwe maziwa, iliki, tangawizi na sukari ya kutosha. Ndiyo maana jamaa akirudi safari na pakiti ya chai ya ulongi kutoka milima ya Taiwan, hutiwa sufuriani ikachemshwa na maziwa, kisha watu wakasema haina ladha. Ladha ilikuwemo, maziwa ndiyo yaliyoizika.

Chai hii hulimwa juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mahali kama Alishan na Lishan. Baridi na ukungu wa huko hulichelewesha jani kukua, likawa nene, uchungu ukapungua na utamu ukazidi. Likisha kuchumwa hunyaushwa, kisha hutikiswa ili kingo zake zichubuke na kuingia hewa. Na kabla halijageuka jeusi, kazi hiyo hukatizwa kwa moto. Kwa hivyo ulongi umo baina ya chai ya kijani na hii yetu nyeusi ya Kericho. Mwisho majani hufungwa kitambaani na kuviringishwa mara nyingi hadi yawe kama punje.

Twaa buli dogo la mililita 150, ulipashe kwa maji ya moto na kuyamwaga. Tia vijiko viwili vidogo vya majani, mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika kama dakika moja, kisha mimina chai yote vikombeni. Majani yasiachwe yakilowa, hapo ndipo uchungu uzaliwapo. Wala usiyatupe: yaleyale hutiwa maji mara tano au zaidi, kila mara ukizidisha muda kidogo. Mimino la kwanza huwa jepesi, kwani punje hazijafunguka. La pili na la tatu ndiyo chai yenyewe. Rangi yake ni dhahabu, harufu ya maua, ulaini kama wa siagi, na ukishameza utamu hurejea kooni.

Mzee wa nyumba aliyekatazwa sukari, ambaye chai kavu imekuwa kwake kama adhabu, ndiye wa kwanza kumiminiwa. Si dawa ya kisukari, na muuzaji adaiye hivyo asisadikiwe. Tena hufukuza usingizi kama chai nyingine, basi anywe alasiri, si baada ya Isha.